Mashine Inayozimia Kwenye Kona

Jumapili, 5 Mei

Kwa Barafu, fundi wa majokofu, kiziwi wa hiari,

Afya yangu usiulize. Goti limenuna, macho yanaisingizia miwani, na shemeji yako anazidi kunionea. Barua hii inahusu mgonjwa mwingine kabisa: kompyuta yangu inazimia.

Ningekupigia simu, lakini tangu kile kiwanda kikumalize masikio, kuongea na wewe kwenye simu ni kuitangazia mitaa miwili. Na kukuita uje siwezi, nyonga yako naijua. Kwa hiyo barua namkabidhi dereva wa gari la mikate anayepita huko kwenu. Ameapa hafungui. Juzi nilimwona akiinyanyua juani barua ya mtu mwingine kuangalia ndani, lakini kufungua hakufungua.

Sasa sikiliza, yaani soma. Unakumbuka kijana wangu alinitumia kompyuta yake ya zamani, lile sanduku jeusi kubwa kama spika ya harusini, pamoja na usukani na pedali, ili nicheze mbio za magari na binti yake huko waliko. Ulicheka sana ulipopata habari hiyo. Ulisema mzee mzima anaendesha gari la kwenye kioo. Haya, habari mpya ni kwamba mimi na mjukuu wangu tumeingia mashindano ya wawili wawili, tunapambana na watu tusiowajua wa nchi tusizozijua, na tuko juu. Yeye anajiita Radi. Mimi najiita Babu Kasi. Watoto wa watu wananiogopa, Barafu. Mguu huu umekanyaga cherehani tangu sijaota ndevu. Unajua kupunguza mwendo kwenye mzunguko wa kola, na kona ya barabara ni kola tu iliyolala chini.

Jana naongoza. Naongoza, nakwambia. Mara feni ya sanduku ikaanza kulia kama inaomba msaada, picha ikaganda, kioo kikawa cheusi. Nikabaki nimeshika usukani wa gari ambalo halipo, na shemeji yako mlangoni akiniuliza kama nimefika.

Usicheke bado. Huyu mjukuu, mchumba wangu wa mwisho anayekubali kuitwa hivyo, kwenye simu ya kawaida ananipa maneno matatu: shikamoo, mzima, kwaheri. Lakini tukiwa mbioni, macho yake yako barabarani na mdomo umefunguka, ananieleza kila kitu: mwalimu aliyemwonea, rafiki aliyemgeuka, baba yake alivyonyolewa vibaya. Jumamosi ndiyo siku niliyo na mjukuu. Mashine ikifa nabaki na shikamoo. Tena kuna kijana wa darasani kwao, mwenye vipokea sauti vikubwa kama vikombe vya chai, anakiangalia kiti changu kama mrithi anavyomwangalia mgonjwa. Fainali ni tarehe ishirini na tano.

Wewe umetibu majokofu ya mji mzima. Sanduku langu lina feni, lina waya, linapata moto. Ni ndugu wa jokofu aliyepotea. Litibu.

Mimi,
Sindano, fundi cherehani na dereva


Jumatano, 8 Mei

Sindano,

Nimecheka. Nimemaliza. Sasa kazi.

Kompyuta sijawahi kufungua hata moja. Lakini kitu kinachopata moto nimeishi nacho, kwa hiyo nijibu haya kabla hujaanza kujisifu.

Inazimia ukifanya nini hasa? Ukiangalia picha za harusi inazimia pia, au ni mbioni tu?

Ikishazimia, ukiiwasha inawaka hapohapo au inasusa kwanza?

Na imechomekwa wapi, pamoja na nani? Chumba chako nakijua. Kina soketi moja pale dirishani, na ekstensheni yenye ndugu wengi kuliko ukoo wangu. Kama pasi yako ya makaa uliibadilisha kwa ya umeme na iko hapo, sema.

Jibu ukweli. Mtu aliyeniambia suruali yangu itakuwa tayari Ijumaa, bila kutaja Ijumaa ya mwaka gani, simwamini hivihivi.

Barafu

Dereva wa mikate ananiuliza Radi ana umri gani na kama kweli tutafika fainali. Amesema "tutafika". Juani kunaonekana vizuri.


Jumapili, 12 Mei

Barafu mkali wangu,

Najibu kama niko mahakamani.

Picha za harusi naangalia mchana kutwa, haizimii. Nikimwandikia kijana wangu, haizimii. Nikiingia mbioni, kwanza inatulia, halafu feni inapandisha sauti, halafu inalia, halafu giza.

Ikishazimia inasusa. Nabonyeza, kimya. Nikienda kunywa maji na kutukana kidogo, nikirudi inawaka kama haikufanya kitu. Na ukiigusa wakati huo, unaweza kunyooshea kola.

Pasi, ndiyo, ilikuwa hapohapo kwenye ekstensheni. Na cherehani. Na redio. Na chaja ya shemeji yako. Nilipopata barua yako nikawatawanya wote. Nikafikiri zaidi, nikasema mgonjwa mahututi anastahili chumba chake. Nikachomoa jokofu la jikoni, nikaipa kompyuta soketi ile peke yake, waya ukapita koridoni kama reli. Jana nikaingia mbioni nikiwa na umeme wa kifalme.

Ndugu yangu, nilikimbia. Nilipita gari jekundu, nikapita la manjano, Radi akawa anacheka masikioni mwangu, ananieleza habari za mtihani huku anakata kona. Tumebakiza kona ya mwisho, feni ikalia, giza. Kwenye kona. Tulipenya kwa sababu Radi mwenyewe alimaliza wa kwanza, akanibeba kama mzigo.

Nilipogeuka nikamkuta shemeji yako ameshika chungu cha maziwa yaliyoganda, kumbe jokofu nililisahau. Amekiweka mbele yangu na kijiko.

Sindano, aliyebebwa


Jumatano, 15 Mei

Sindano,

Rudisha jokofu la shemeji kwenye soketi yake leo, kabla sijaitwa kukuzika.

Umeme hauna kosa. Ungekuwa umeme, isingesusa. Sikiliza, hii ndiyo habari njema: mashine yako haifi, inajiokoa. Jokofu nalo lina kidude kidogo pembeni ya mota. Mota ikizidi moto, kidude kinakata umeme ili mota isiungue. Mota ikipoa, kinaunga tena. Mwenye jokofu anapiga yowe kwamba limekufa, kumbe limejipumzisha. Ya kwako ni hivyohivyo. Picha za harusi ni kazi ya kukaa, mbio ni kazi ya kubeba magunia. Inabeba, inapata moto, moto hauna pa kutokea, inajilaza chini.

Kwa hiyo tunatafuta moto umekwama wapi. Wewe unaishi kwenye vipande vya nguo. Chomoa waya, acha ipoe. Fungua ubavu wa sanduku, parafujo ziko nyuma. Utakuta uchafu. Chukua brashi laini unayosafishia cherehani, pangusa kwenye feni na kwenye mapezi ya chuma utakayoyaona, kama yale ya jokofu. Feni ishikilie kwa kidole isizunguke. Maji usitumie. Narudia kwa sababu ya redio yangu uliyoiosha: maji usitumie.

Kisha icheze ubavu ukiwa wazi, uniambie.

Barafu


Jumapili, 19 Mei

Barafu,

Nimeanza barua hii mara nyingi na kuichana, kwa hiyo hii itakwenda ilivyo.

Nilifungua. Uchafu ulikuwa mto mzima, unaweza kuulalia. Niliukuta uzi wa kijani wa sare za kwaya, uzi wa zambarau wa yule bibi harusi aliyeghairi, na manyoya ya koti la polisi. Wateja wangu wote walikuwa mle wamekumbatiana. Nikapangusa kwa brashi, kidole kwenye feni, maji sikutumia. Ijumaa nikaijaribu ubavu wazi, peke yangu, bila mashindano. Ikaimba. Nilikimbia mpaka mguu ukafa ganzi, na feni inanong'ona tu. Nilimwita shemeji yako aje asikie kimya. Akasema hasikii kitu. Nikamwambia ndicho hicho.

Jumamosi asubuhi nikafunga ubavu, nikakaza parafujo, nikaiv... nikairudisha mahali pake kama ilivyokuwa.

Ikazimia. Kwenye kona, tena mapema kuliko zamani.

Radi alipenya tena peke yake, sijui kwa miujiza gani. Halafu akapiga simu. Sauti ilikuwa ya upole, na mimi upole wa watoto naogopa kuliko matusi. Akasema, "Babu, fainali ukizimika tunatoka wote wawili. Nikupumzishe?" Nikauliza yule wa vikombe vya chai yuko tayari. Akasema yuko tayari. Nikamwambia anipe mpaka Ijumaa. Akasema sawa babu, shikamoo, kwaheri.

Hayo ndiyo maneno niliyokwambia.

Sasa niambie, fundi. Ubavu wazi inapona, nikiirudisha inakufa. Kuna nini?

Sindano


Jumapili, 19 Mei

Kwa shemeji Barafu,

Natumaini nyonga inaendelea. Barua hii naipitisha kwa dereva chini ya mkate, rafiki yako asiione.

Amekwambia kila kitu isipokuwa koti.

Kompyuta ile imevaa koti, shemeji. Amelishona mwenyewe, la mahameli nyeusi, ndani sponji, bitana nyekundu, vifungo sita mbele na mabega yamejazwa. Mgongoni amedarizi radi ya uzi wa dhahabu kwa ajili ya mtoto. Anaifunga mpaka kifungo cha shingo, anasema vumbi lisiingie. Siku anayoisafisha anaivua. Akimaliza anaivisha.

Nimemwambia mwulize shemeji kuhusu koti. Amesema koti si sehemu ya kompyuta, ni nguo. Halafu akaona haya. Anakumbuka ulivyowasimulia watu wote ukumbini habari ya mtungi wa gesi aliouvalisha kizibao.

Kuna jambo jingine. Siku hizi macho yake hayashiki sindano vizuri, watu wanamletea zipu na pindo tu. Koti lile alilishona kwa mkono wiki nyingi na hakukosea hata tundu moja la kifungo. Kwa hiyo usimcheke sana. Mcheke kidogo.

Shemeji yako wa maziwa yaliyoganda


Jumatano, 22 Mei

Sindano,

Nimekaa na barua yako nikiangalia jokofu langu mwenyewe. Nikajiuliza: kitu kimoja, uchafu uleule umetoka, feni ileile, mtu yuleyule mbishi. Wazi inapona, ikirudishwa inakufa. Basi ugonjwa uko kwenye kurudishwa.

Halafu nikaona umeandika "nikaiv" ukakata. Kiswahili ni kipana, lakini neno linaloanza hivyo, kwa mshonaji, nalijua moja.

Nina swali moja tu. Mashine yako imevaa nini?

Barafu


Alhamisi, 23 Mei

Kwa mpelelezi,

Kuna mtu amekwambia, na mtu huyo anapika jikoni kwangu huku anaimba. Hajawahi kuimba kabla ya leo.

Ndiyo, imevaa koti. Ulitaka ikae uchi mezani, mgeni akiingia aone nyaya? Na siyo koti la hovyo. Mtungi wa gesi ule nilikuwa najaribu tu, kizibao kilibana kifuani, nakubali. Hili ni koti, Barafu. Limelala kama maji. Ungelivaa wewe ungeonekana una pesa. Nilipolimaliza nililitundika nikalitazama mpaka chakula kikapoa, kwa sababu nilidhani mikono hii imekwisha, na kumbe haijaisha.

Sasa unataka kuniambia hilo ndilo linalomnyima Radi fainali. Ya kwamba moto ulikuwa unabisha hodi, na mimi nimeufungia vifungo sita.

Usijibu kwa mzaha. Kesho Ijumaa lazima nimpe mtoto jibu.

Sindano


Ijumaa, 24 Mei
(dereva amenisubiri na injini inanguruma)

Ndugu yangu,

Sina mzaha leo.

Koti ni zuri, naamini bila kuliona. Kosa lake ni uzuri huohuo: umelishona bila kuacha upenyo. Mshonaji mbaya angeacha nafasi mabegani na mashine ingepona. Imelemewa na kazi nzuri.

Ivue. Itoe ukutani, iwe na nafasi ya mkono kupita nyuma yake. Ubavu uache wazi. Tafuta feni ya mezani, iweke ielekee kwenye ubavu, lakini pasi na cherehani visiwepo kwenye ekstensheni hiyo. Mwambie Radi kwamba fundi amesema babu yake anaendesha.

Halafu koti usilitupe. Mtu aliyeshona matundu sita ya vifungo kwa mkono bila kukosea, kwa macho yale, asije akaniambia tena kuhusu kustaafu.

Barafu


Jumamosi, 25 Mei, jioni

BARAFU,

Naandika mbiombio, kwa furaha au kwa hofu sijui bado, na utaona kwa nini.

Dereva wa mikate yuko hapa sebuleni. Alikuja kuchukua barua, akakuta fainali inaanza, akaegesha gari na mikate ya watu ndani, akasimama nyuma yangu. Shemeji yako alishika feni ya mezani kwa mikono miwili akiielekeza ubavuni mwa mashine, kwa sababu stendi yake imevunjika na hakutaka kuiegemeza kwenye kitabu. Mashine uchi kabisa. Nilipoivua asubuhi niligeuza uso.

Tukaanza. Radi mbele, mimi nyuma yake nikimlinda. Akawa kimya mwanzoni, kwa adabu ya wasiwasi. Mzunguko wa pili akaona bado nipo, akaanza: mtihani amefaulu, na rafiki yake wamepatana, mama yake amepaka ukuta rangi ya ajabu. Nikajua tumerudi. Nikajua hata tukishindwa tumerudi.

Feni ikapandisha sauti. Dereva akasema, "Mzee, inalia." Shemeji yako akasogeza feni karibu zaidi mpaka upepo ukanipulizia kofia chini. Ile sauti ikapanda, ikakaa palepale, ikashuka. Barafu, ilishuka. Haijawahi kushuka maishani mwake.

Kona ya mwisho. Ile kona. Gari la bluu liko ubavuni, linanisukuma. Nikakumbuka kola: punguza, geuza, usivute kitambaa, kiache kijilete chenyewe. Nikapunguza, nikageuza, la bluu likapitiliza likaenda kulima nyasi. Dereva akapiga yowe. Mstari wa mwisho uleee, nikauona, nikauvuka au nimeukaribia kuuvuka, nikaruka juu kwa furaha kama kijana,

na mguu wangu ukanasa kwenye waya wa ekstensheni.

Giza.

Mashine haikuzimia, fundi. Matibabu yako yamefaulu mia kwa mia. Nimeizima mimi.

Kwa hiyo sijui kama niliuvuka mstari kabla ya waya au waya kabla ya mstari. Shemeji yako bado ameshika feni iliyosimama, ananitazama. Dereva ameketi sakafuni. Sasa hivi simu inalia, ni Radi, na nje kuna mtu anapiga kelele anataka mkate wake, dereva anasema anaondoka na barua au bila barua. Siwezi kufanya yote mawili kwa mkono mmoja. Nafunga bahasha.

Sindano


Jumapili, 26 Mei

Sindano,

Ungesubiri sentensi moja.

Sijalala. Dereva naye hajui, aliondoka kabla hujapokea, na anasema amewapa watu mikate isiyo yao. Niandikie leo. Hata neno moja. Ukichelewa nakuja kwa nyonga hiihii.

Barafu


Jumatatu, 27 Mei

Barafu, daktari wangu,

Najua ungeweza kusubiri, ndiyo maana nilifunga bahasha. Mzee wa umri wako anahitaji kitu cha kumnyanyua kitandani.

Niliuvuka. Radi anasema kwenye marudio ya picha inaonekana pua ya gari langu inagusa mstari, halafu gari linasimama ghafla kama limesahau kitu nyumbani. Tumekuwa wa pili, Barafu. Wa pili duniani, ukiiondoa ile dunia isiyocheza. Yule wa vikombe vya chai alimwuliza Radi kama msimu ujao kuna nafasi. Akamjibu kwamba babu yake yupo, na babu yake ana mafundi.

Kifurushi anachokuletea dereva ni chako. Nililifumua koti. Iliuma, sitakudanganya, lakini mahameli imerudi kuwa kizibao, bitana nyekundu, vifungo viwili badala ya sita, na ile radi ya dhahabu iko mgongoni. Kwapani nimeacha upenyo mkubwa wa kupitisha hewa. Ukifanya kazi ukapata moto, usije ukajilaza chini ukasema umejiokoa. Matundu ya vifungo yaangalie vizuri. Yahesabu kama unataka, kisha uniambie nani amestaafu.

Kompyuta iko uchi mezani. Mgeni akiingia namwambia ni amri ya daktari.

Nimekuwekea la simu mwisho. Ile jioni, nilipompa dereva bahasha nikapokea, nilitegemea yale maneno matatu, kwa kuwa mbio zilikuwa zimekwisha na hakukuwa na barabara ya kutazama. Alianza na shikamoo. Halafu akaniuliza nilijikwaaje, nikamweleza, akacheka mpaka akakohoa, akaniuliza koti lilikuwaje, nikamweleza, akataka kujua bibi yake alishikaje feni, akaniambia habari za yule rafiki, na mwalimu, na ukuta wa mama yake, na jambo moja ambalo ameniomba nisimwambie mtu, wala wewe sikwambii. Tuliongea mpaka simu ikapata moto sikioni.

Nikaivua kava, nikaendelea kusikiliza.

Sindano
(Babu Kasi, wa pili duniani)